Rozimari: Kichaka Kinachovumilia Kiu

HATI YA KIPINDI
Mada: Kupanda rozimari kwa maji machache, kuitumia na kuiuza bila kudanganyana
Mahali pa kurekodi: Kansanga, Kampala
Sauti: Mtangazaji (mwanamume) na Mtangazaji Mwenza (mwanamke)
Kwa vikundi vya wasikilizaji: maswali ya majadiliano yako mwishoni

(MUZIKI WA KUFUNGUA. SEKUNDE 15. UNASHUKA POLEPOLE.)

MTANGAZAJI: Hodi nyumbani kwako, msikilizaji. Uwe Nakivale au Kyaka, Kakuma au Nyarugusu, au uwe hapa hapa Kampala kwenye chumba kimoja cha kupanga, karibu katika kipindi. Leo tumerekodi Kansanga, pembeni ya barabara ya Ggaba, na ukisikia honi za boda boda usishangae. Pamoja nami yuko dada yetu mnayemzoea. Ila leo hakuja mikono mitupu. Amekuja na kopo la rangi, na ndani ya kopo kuna kichaka. Dada, karibu, utuambie umebeba nini.

MWENZA: Asante, kaka. Salamu kwenu nyote mnaosikiliza. Hiki ni kichaka cha rozimari. Kwa sababu hamwezi kukiona, ngoja nikieleze. Matawi yake ni ya mti, si laini kama ya mchicha. Majani ni membamba kama sindano, juu kijani kibichi, chini meupe meupe. Nikilisugua jani kwa vidole... (ANASUGUA JANI KARIBU NA KIPAZA SAUTI) ...harufu inajaa chumba kizima.

MTANGAZAJI: Imenifikia hata mimi! Inafanana kidogo na ile dawa ya kuchua kifua.

MWENZA: Ni kweli, maana ndani ya jani mna mafuta yenye kafuri kidogo. Wengi wenu mnakijua kichaka hiki kwa jina lingine. Wakongo na Warundi tuliosoma Kifaransa tunakiita romarin. Ndugu zetu wa Eritrea na Ethiopia wanakiita azmarino. Wanaozungumza Kiarabu wanasema iklil al-jabal, yaani taji la mlima. Mmea ni ule ule.

MTANGAZAJI: Sasa dada, kambini watu wanahesabu maharage. Tangu Aprili 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi hapa Uganda umepunguzwa si mara moja. Kwa nini tuzungumzie mmea wa harufu?

MWENZA: Swali lako ni la haki, kaka, na nitalijibu bila kuzunguka. Rozimari haishibishi. Mwenye kipande kidogo cha ardhi aanze na maharage, mihogo, lengalenga. Hakuna atakayekula rozimari akalala ameshiba. Lakini kuna sehemu ambazo maharage hayaoti: ukingo wa nyumba wenye mawe, kona yenye mchanga, kopo kuukuu mlangoni. Na kuna wakati maji hayatoshi hata lengalenga. Hapo rozimari inaweza kukaa bila kunyang'anya chakula nafasi wala maji. Inaweza kukutilia ladha kwenye sufuria, na ukipata mnunuzi, inaweza kukuletea shilingi mbili tatu. Leo naomba tueleze pia jambo ambalo rozimari haiwezi, kwa sababu kutolijua kulinigharimu mimi mwenyewe.

MTANGAZAJI: Tutafika huko. Tuanze na asili. Mmea huu umetoka wapi?

MWENZA: Umetoka kwenye pwani za Bahari ya Mediterania. Hispania, kusini mwa Ufaransa, Italia, Ugiriki, na ng'ambo ya pili Moroko, Aljeria na Tunisia. Jina lenyewe ni la Kilatini, ros marinus, maana yake umande wa bahari. Kule unaota wenyewe kwenye miteremko ya mawe inayotazama bahari. Mvua ya kule hunyesha wakati wa baridi. Kiangazi kikija ni jua na upepo, miezi mitatu minne bila tone, na udongo ni wa mawe na mchanga, hauna rutuba nyingi. Mmea uliozaliwa katika hali hiyo umejifunza kubana matumizi.

MTANGAZAJI: Kama sisi na kadi ya mgao.

MWENZA: (ANACHEKA) Kama sisi kabisa. Angalia jani. Kwanza ni jembamba, kwa hiyo jua halina sehemu kubwa ya kulichoma. Pili, kingo zake zimejikunja kuelekea chini. Tatu, ule weupe wa chini ni vinyweleo vidogo sana. Jani la mmea hupumua kupitia matundu madogo, na kila linapopumua hupoteza maji. Matundu ya rozimari yamejificha chini ya zile kingo, katikati ya vinyweleo, upepo usiyafikie. Ndiyo sababu haipotezi maji haraka. Na yale mafuta yenye harufu kali husaidia kufukuza wadudu na wanyama walao majani. Mbuzi akionja mara moja, mara nyingi huenda kutafuta kingine.

MTANGAZAJI: Je, ina ndugu tunaowajua huku kwetu?

MWENZA: Inao. Iko ukoo mmoja na nanaa, na mrehani, na kivumbasi ambacho watu wa pwani wanakifahamu sana. Wataalamu wa mimea waliiita Rosmarinus officinalis tangu 1753. Siku hizi wengi wamehamia jina la Salvia rosmarinus, baada ya uchunguzi wa vinasaba kuonyesha kwamba haiwezi kutenganishwa na kundi kubwa la Salvia. Ukiona majina yote mawili kwenye pakiti ya mbegu, usifikiri ni mimea miwili.

(MUZIKI MFUPI. SEKUNDE 5.)

MTANGAZAJI: Unasikiliza kipindi chako, nasi leo tunazungumza juu ya rozimari. Dada, ulisema hapa Kansanga ilikushinda mara ya kwanza. Tuambie ilikuwaje.

MWENZA: Nilifika Kampala nikitokea Uvira. Nikapanga chumba kule bondeni, chini ya kilima cha Muyenga. Mtu anayejua Kansanga anajua kwamba mvua ikinyesha, maji ya kilimani yote yanatuteremkia. Jirani yangu alikuwa na kichaka kikubwa cha rozimari, akanipa mche. Nikaupanda kwenye kopo, nikauweka mlangoni, nikaumwagilia asubuhi na jioni, kama tunavyotunza miche ya nyanya. Baada ya wiki tatu majani yakaanza kuwa ya kahawia. Nikasema, masikini, mmea una kiu. Nikaongeza maji. Baada ya wiki moja nyingine ukafa.

MTANGAZAJI: Kumbe ulikuwa unauzamisha.

MWENZA: Ndiyo. Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa myeusi, inanuka uozo. Kopo langu halikuwa na tundu hata moja chini. Wasikilizaji, hili ndilo jambo kubwa la kushika leo. Mizizi nayo inahitaji hewa. Katika udongo mzuri kuna nafasi ndogo ndogo zilizojaa hewa. Ukimwaga maji yasiyo na pa kutokea, yanajaza zile nafasi, mizizi inakosa hewa, inaoza. Mzizi uliooza hauwezi kunywa, kwa hiyo majani yanakauka ingawa mmea umesimama kwenye tope. Ukiutazama kwa macho unafanana na mmea wenye kiu. Ndiyo maana usiamini macho peke yake, tumia kidole.

MTANGAZAJI: Kidole kivipi?

MWENZA: Chomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Ukisikia unyevu, usimwagilie. Ukisikia pakavu kabisa, ndipo umwagilie. Basi. Kampala hupata mvua za kutosha, masika ya Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Miezi hiyo, rozimari iliyoko nje hapa mjini huenda usiimwagilie kabisa. Kazi yako inakuwa kuilinda na maji, si kuipa maji. Inua kopo juu ya mawe mawili ili maji yatoke chini.

MTANGAZAJI: Na msikilizaji wa Nakivale? Kule Isingiro ni ukanda wa ng'ombe, mvua ni chache kuliko Kampala. Na wa Kakuma, kule Turkana, ambako jua ni jua kweli kweli?

MWENZA: Kwao mmea unafaa zaidi, ila miezi ya kwanza wausaidie. Mche mchanga hauna mizizi mirefu, unaweza kufa kwa kiu kama mmea mwingine wowote. Kikombe kimoja cha maji kila siku ya pili au ya tatu kinatosha mche mmoja, ukipima kwa kidole. Ukishashika ardhini, baada ya miezi mitano sita hivi, unaweza kukaa wiki nzima au zaidi bila maji. Kwa Kakuma, kopo la bati likikaa juani mchana kutwa, udongo wake unachemka na mizizi inaungua. Lichimbie nusu ardhini, au uliweke mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

MTANGAZAJI: Maji yenyewe dada ni shida. Mashirika ya misaada hulenga angalau lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Mtu atatoa wapi ya mmea?

MWENZA: Asitoe katika maji ya kunywa hata kikombe kimoja. Atumie maji yaliyokwisha fanya kazi. Maji uliyooshea mchele au mboga yanafaa sana. Maji uliyonawia mikono kwa sabuni kidogo yanafaa mara moja moja. Yasiyofaa ni maji ya kufulia yenye sabuni nyingi ya unga, na maji yenye dawa ya kuua vijidudu au ya kung'arisha nguo. Hayo yanaunguza mizizi.

(SAUTI YA MAJI YAKIMIMINWA KUTOKA KWENYE JERIKENI.)

MTANGAZAJI: Sasa tufundishe kupanda. Nataka msikilizaji akizima redio awe anaweza kuanza leo.

MWENZA: Sawa. Chukua daftari kama unaweza, au mwambie mtoto ashike kwa kichwa. Kwanza, achana na mbegu. Mbegu za rozimari huota kwa shida na polepole. Tunapanda kwa vipandikizi, kama tunavyopanda mihogo kwa vijiti. Mtafute mtu mwenye kichaka, umwombe matawi matano.

MTANGAZAJI: Matano tu?

MWENZA: Matano, kwa sababu si yote yatakayoshika. Chagua tawi ambalo halijachanua maua. Kata ncha yake, urefu kama wa kiganja, sentimita 10 hadi 15. Kata kwa kisu kikali na kisafi. Majani ya nusu ya chini yaondoe yote kwa vidole, bakiza ya juu. Kama yangebaki chini yangeoza udongoni.

MTANGAZAJI: Hiyo ni hatua ya kwanza. Ya pili?

MWENZA: Ya pili ni kopo. Kopo la mafuta ya msaada, jerikeni iliyopasuka ukaikata katikati, gunia dogo, vyote vinafaa. Kama kopo lilikuwa na rangi au dawa, lioshe vizuri sana. Toboa matundu matano au sita chini kwa msumari wa moto. Juu ya matundu weka vijiwe vidogo.

Ya tatu ni udongo. Changanya sehemu moja ya udongo wa kawaida na sehemu moja ya mchanga. Ongeza mboji kiganja kimoja au viwili, isizidi. Mmea huu ukipewa mbolea nyingi unarefuka na kulegea, na harufu inapungua. Kama udongo wako ni wa mfinyanzi, ule unaonata mkononi, ongeza mchanga zaidi.

Ya nne, chomeka vipandikizi, nusu ndani nusu nje. Bonyeza udongo ushike. Mwagilia mara moja, maji yatoke chini. Kisha weka kivulini, mahali penye mwanga lakini si jua kali.

MTANGAZAJI: Nitajuaje kimeshika?

MWENZA: Subiri wiki nne hadi nane. Usikichomoe kuangalia! Watu wengi wanaua vipandikizi kwa udadisi. Ukiona majani mapya kwenye ncha, kivute kidogo sana. Kikigoma, mizizi ipo. Hapo hamishia kila mche kwenye kopo lake au ardhini, uuzoeshe jua kidogo kidogo, mpaka upate jua saa sita kwa siku.

MTANGAZAJI: Na kuvuna?

MWENZA: Vumilia miezi sita kwanza. Baada ya hapo kata ncha zile laini, usizidi theluthi moja ya kichaka kwa mara moja. Na usikate ndani kwenye mti mkavu usio na majani, mara nyingi hapo hapachipui tena. Ukikata vizuri, kichaka kinapanuka, kinaweza kufika urefu wa mita moja au zaidi, nacho huishi miaka mingi. Kikichanua maua yake ya buluu, nyuki wanakipenda. Mwenye mizinga anufaike.

MTANGAZAJI: Kwa msikilizaji wa Kampala, Mamlaka ya Jiji ina kituo cha kilimo kule Kyanja, ambako watu huenda kujionea bustani za magunia na makopo kwenye nafasi ndogo. Anayeweza kufika, akaangalie.

(MUZIKI MFUPI. SEKUNDE 5.)

MTANGAZAJI: Tumerudi. Dada, kichaka kimekua. Sasa ninakitumiaje?

MWENZA: Jikoni kwanza. Jirani zetu wa Ethiopia na Eritrea, waliojaa hapa Kansanga na Kabalagala, ndio waalimu. Nyama ya kukaanga wanayoiita tibs hutiwa rozimari. Kwa Kiamhari mmea huu unaitwa pia yetibs kitel, maana yake jani la tibs. Nilijifunza kwao. Kijiti kimoja cha urefu wa kidole kinatosha sufuria ya familia. Ukizidisha, chakula kinakuwa kichungu. Mimi nakitia kwenye maharage yakikaribia kuiva, kisha nakitoa kabla ya kupakua. Maharage ya mgao, bila nyama, bila kitunguu wakati mwingine, yanapata roho.

MTANGAZAJI: Na kukausha?

MWENZA: Funga matawi kwa kamba, yaning'inize kivulini penye upepo wiki moja au mbili. Usianike juani, mafuta yanapotea na harufu nayo. Majani yakivunjika kwa vidole, yapukuchue uweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Yatakaa miezi mingi.

MTANGAZAJI: Sasa tuje kwenye lile ulilosema lilikugharimu.

MWENZA: (KIMYA KIDOGO) Ndiyo, kaka. Kichaka cha pili kilishika vizuri. Nikafurahi. Mtu mmoja akaniambia, ukiwa na rozimari mlangoni mbu hawaingii, na ukichoma majani yake jioni huhitaji chandarua. Ilikuwa wakati wa joto, watoto wanalalamika ndani ya chandarua. Nikakiondoa. Nikawa nachoma majani kila jioni, nyumba inanukia vizuri. Nikajiona nimepata maarifa.

Kabla mwezi haujaisha, mtoto wangu wa miaka minne akaamka usiku mwili unawaka moto. Nikampa chai ya rozimari. Asubuhi nikampa tena. Siku ya pili akaanza kutapika, akawa hana nguvu ya kukaa. Ndipo nikambeba kwenda kituo cha afya. Walipompima, ni malaria. Wakamtundikia dripu. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini yule muuguzi aliniambia, mama, ungechelewa siku moja zaidi ungekuja kunisimulia habari nyingine.

MTANGAZAJI: Pole sana, dada. Na ahsante kwa kulisema hewani. Hebu tueleze, basi, rozimari na mbu ukweli wake ni upi?

MWENZA: Mafuta ya rozimari yaliyokamuliwa yanaweza kufukuza mbu kwa muda mfupi, kisha yanapaa na kuisha. Lakini kichaka kilichotulia mlangoni hakitoi mafuta ya kutosha. Lazima jani lisuguliwe ndipo harufu itoke. Kwa mbu, kopo lako la rozimari ni kichaka kama kichaka kingine. Moshi wa majani nao unapungua kabla hujalala, na mbu wa malaria huuma usiku, wengi wao saa za usiku mkubwa, wewe umelala. Isitoshe moshi ndani ya chumba kimoja unaumiza vifua vya watoto. Kivumbasi ni hivyo hivyo, kisichukue nafasi ya chandarua.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo?

MWENZA: Kwa hiyo chandarua chenye dawa kila usiku, rozimari iwepo isiwepo. Mtoto akipata homa, apimwe ndani ya saa 24. Hapa Uganda, vijijini na makambini wako wahudumu wa afya wa kijiji, tunaowaita VHT. Baadhi yao wana vipimo vya haraka vya malaria na dawa mseto za watoto. Anza kwao kama kituo kiko mbali. Mtoto akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akishindwa kunywa, au akilegea asiamke vizuri, usisubiri VHT wala asubuhi. Kimbia kituoni.

MTANGAZAJI: Narudia, msikilizaji: homa ya mtoto, kipimo ndani ya saa 24. Dada, kuna hatari nyingine?

MWENZA: Zipo tatu. Majani kwenye chakula hayana shida kwa wengi wetu, hata mama mjamzito akitia kijiti kwenye mboga. Lakini mama mjamzito asinywe chai nzito ya rozimari wala kuitumia kama dawa. Pili, mafuta yaliyokamuliwa, yale ya kichupa kidogo, hayanywewi kabisa, na hayapakwi usoni kwa mtoto mchanga. Tatu, mtu mwenye kifafa akae mbali na mafuta hayo, kwa sababu ya ile kafuri.

MTANGAZAJI: Na nywele? Hapa mjini kila saluni wanazungumza juu ya maji ya rozimari.

MWENZA: Hilo nalo tuliseme lilivyo. Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Iran, ukachapishwa 2015. Walihusika watu 100 waliokuwa wananyonyoka nywele kwa aina ya upara wa kurithi. Nusu walipaka mafuta ya rozimari, nusu dawa ya minoxidil ya asilimia 2. Baada ya miezi sita matokeo ya pande zote mbili yalikaribiana. Ni dalili nzuri, lakini ni utafiti mdogo, wa mafuta si wa maji ya kuchemsha, na hakukuwa na kundi la tatu lisilopakwa kitu ili tulinganishe. Ukiuza maji ya rozimari, sema, yananukia na wengine wanayapenda. Usimwahidi mama wa watu kwamba nywele zitaota. Akikosa, hatarudi, na atawaambia wenzake. Maji hayo yakikaa siku nyingi yanaharibika, kwa hiyo chemsha kidogo, yatumike siku mbili tatu. Na ajaribu kwanza kwenye ngozi ya mkono.

MTANGAZAJI: Umegusa biashara. Nani ananunua?

MWENZA: Hapa upande wetu, wa kwanza ni mahoteli na jikoni za Waethiopia na Waeritrea. Kisha wanaochoma nyama na samaki, na wanaouza viungo sokoni. Huko kambini kwako soko litakuwa dogo zaidi. Ushauri wangu: kabla hujapanda makopo 20, panda mawili. Kausha kidogo, zunguka na kifuko, waulize wanunuzi watatu. Watachukua kiasi gani kwa wiki? Wanataka mbichi au kavu? Watalipa lini? Kama wote watatu wamesema hapana, umepoteza makopo mawili tu. Jikoni kwako bado yana kazi.

MTANGAZAJI: Na sheria?

MWENZA: Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kulima, kufanya biashara na kuajiriwa. Lakini sheria za jiji ni kwa wote, mwenyeji na mgeni: kuchuuza barabarani bila leseni kunaweza kukufanya upoteze bidhaa yako yote. Ndiyo maana mimi napeleka moja kwa moja jikoni kwa mteja, sitandazi barabarani. Kama uko Kenya au Tanzania, kanuni ni nyingine, hasa juu ya kutoka kambini. Waulize viongozi wa eneo lako kabla ya kuanza safari.

MTANGAZAJI: Dada, muda umetubana. Tufunge kwa kukumbushana.

MWENZA: Panda kwa kipandikizi, si mbegu. Kopo liwe na matundu, udongo uwe na mchanga. Pima kwa kidole kabla ya kumwagilia, na maji yawe yale yaliyokwisha fanya kazi. Chakula kwanza, rozimari kwenye nafasi iliyobaki. Chandarua kila usiku.

MTANGAZAJI: Na hilo kopo ulilokuja nalo?

MWENZA: Hili nakuachia wewe, kaka. Ila ukirudi nyumbani usilimwagilie leo. Nimeshachomeka kidole, bado lina unyevu.

MTANGAZAJI: (ANACHEKA) Nimesikia. Msikilizaji, ahsante kwa kuwa nasi. Kama una kichaka tayari, mkatie jirani matawi matano wiki hii. Tukutane tena katika kipindi kijacho. Kaeni salama.

(MUZIKI WA KUFUNGA. UNAPANDA. UNAISHA.)

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Mtangazaji mwenza aliona majani ya kahawia akadhani mmea una kiu. Kwa nini alikosea? Je, kuna mmea mwingine uliowahi kufa mikononi mwako namna hiyo?

2. Katika nyumba yako, maji gani yanamwagwa kila siku ambayo yangeweza kutumika kwenye mmea? Yapi hayafai?

3. Taja kona moja ya kiwanja chako ambayo haioti chakula. Ingefaa kuwekwa nini?

4. Watu wa eneo lako wanaamini mimea gani inafukuza mbu? Mnawezaje kuwaeleza majirani, bila kuwadharau, kwamba bado chandarua kinahitajika?

5. VHT au mhudumu wa afya aliye karibu nawe ni nani, na ungempata vipi saa nane za usiku? Kabla kikundi hakijatawanyika, kila mmoja ahakikishe analijua jibu.